Redio kwenye banda la ng'ombe: inatuliza au inasumbua?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa Rungwe, Mbeya. Nina ng'ombe watatu chotara wa Friesian ninaowafugia ndani, na kuku wa mayai mia mbili. Shemeji yangu aliniambia huko Ulaya ng'ombe wanapigiwa muziki na maziwa yanaongezeka. Nikanunua redio, nikaifunga juu ya sehemu ya kukamulia. Wiki ya kwanza maziwa yalipanda kidogo, halafu yakarudi palepale, lita kumi kwa kila ng'ombe. Kijana anayekamua anapenda kuifungulia kwa nguvu, na ng'ombe mmoja siku hizi anapiga mateke. Je, kuna ukweli wowote katika jambo hili? Nipige muziki wa aina gani, kwa saa ngapi? Na kuku je?"

Jibu: Marahaba, mama. Ukweli upo, ila ni mdogo kuliko ulivyosimuliwa. Muziki si chakula, wala si dawa ya kuongeza maziwa. Kinachoweza kufanywa na muziki ni kubadili hali ya banda, likawa la utulivu au la vurugu, na kwa maelezo yako nina wasiwasi kwamba redio yako imeshaelekea kwenye vurugu. Kwa hiyo nianze na la haraka: leo jioni sauti ipunguzwe, na redio iondolewe juu ya vichwa vya ng'ombe. Mengine nitakueleza taratibu.

Alichosikia shemeji yako kina asili yake. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Adrian North na Liam MacKenzie, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa ng'ombe wa Friesian wapatao 1,000. Kwa wiki tisa ng'ombe hao walipigiwa muziki wa taratibu, muziki wa haraka, au waliachwa bila muziki. Ule wa taratibu ulikuwa na mapigo yasiyofika 100 kwa dakika. Wa haraka ulizidi 120. Kwenye muziki wa taratibu kila ng'ombe alitoa wastani wa lita 0.73 zaidi kwa siku kuliko kwenye muziki wa haraka, yaani kama asilimia 3. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na njiani ikapoteza maneno yake ya mwisho, "kuliko kwenye muziki wa haraka", watu wakabaki na "muziki unaongeza maziwa". Lakini pengo lililotangazwa ni kati ya muziki na muziki. Linaweza kuwa ni faida ya ule wa polepole, na linaweza vilevile kuwa ni hasara iliyoletwa na ule wa kasi. Kwako wewe, ambaye kijana wako anafungulia redio kwa nguvu, hilo la pili ndilo la kulitazama zaidi.

Tupige na hesabu. Asilimia 3 ya lita 10 ni lita 0.3, ujazo wa kikombe kikubwa cha chai. Kwa ng'ombe wako wote watatu haifiki lita moja kwa siku. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita 50 hadi 60 za maji ya kunywa kwa siku, na zaidi jua likiwa kali. Hori la maji likikaa tupu mchana mmoja, unapoteza zaidi ya kile ambacho redio ingekupa hata kama kila kitu kingeenda sawa. Sisemi kikombe hicho ni cha kudharauliwa. Nasema kwanza ujue ukubwa wa kitu unachokitafuta, usije ukahangaikia redio huku majani ya jana bado yako horini.

Sasa, kwa nini sauti iguse maziwa hata kidogo? Jibu liko kwenye namna maziwa yanavyoshuka. Muda wa kukamua unapofika, sehemu ndogo tu, kwa kawaida chini ya asilimia 20, ndiyo iliyokwisha kukusanyika kwenye uwazi ulio juu ya chuchu. Mengine yote yamo ndani ya vifuko vidogo sana kwenye nyama ya kiwele, na hayo hayatoki kwa kuvutwa na mkono, hata mkono uwe na nguvu kiasi gani. Yanatoka pale tu ubongo wa ng'ombe unapoachia homoni ya oksitosini, ikasafiri na damu hadi kwenye kiwele na kuvifanya vifuko hivyo vijibane. Kuoshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kupapaswa chuchu, kumwona ndama, hata kusikia mlio wa ndoo aliouzoea, vyote huamsha homoni hiyo. Inachukua kama dakika moja hadi moja na nusu tangu aguswe mpaka maziwa yashuke, na nguvu yake haidumu muda mrefu. Ndiyo maana mkamuaji mzuri akishaanza hakatizi kazi kwenda kupokea simu.

Ng'ombe akishtuka katika dakika hizo, ubongo wake unaweza kuizuia oksitosini isitoke kabisa. Na hata ikiwa imeshatoka, adrenalini, homoni ya mshtuko, hubana mishipa ya damu ya kiwele, kwa hiyo oksitosini haifiki ya kutosha mahali pa kazi. Hapo ndipo wafugaji husema ng'ombe amezuia maziwa, na wengine humchapa kwa ukaidi, wakati yeye hana uamuzi wowote juu ya jambo hilo. Mwili umefunga wenyewe, na kila fimbo inaufunga zaidi.

Mwaka 1941 huko Marekani, Ely na Petersen waliligundua hili kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Walimweka paka mgongoni mwa ng'ombe anayekamuliwa, kisha wakapasua mifuko ya karatasi iliyojazwa hewa kila baada ya sekunde 10 kwa muda wa dakika 2. Maziwa yakakatika. Baadaye wakaona paka hana haja. Mipasuko ya mifuko peke yake ilitosha. Miaka mingi baadaye, mwaka 1999, Rushen, de Passillé na Munksgaard walipima kitu kinachonigusa zaidi, kwa sababu hakihitaji hata mlio. Mtu ambaye ng'ombe alikuwa amejifunza kumwogopa aliposimama tu karibu wakati wa kukamua, maziwa yaliyobaki kiweleni yaliongezeka kwa asilimia 70. Na maziwa yanayobaki kiweleni siku baada ya siku huufundisha mwili kutengeneza kidogo. Kwa hiyo hasara ya hofu haiishii kwenye ndoo ya asubuhi ile.

Jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawalijui ni kwamba ng'ombe hasikii kama sisi. Rickye Heffner na Henry Heffner walipima usikivu wa ng'ombe na kuchapisha majibu mwaka 1983. Sikio la binadamu kijana mwenye afya hupokea sauti za kuanzia hezi 20 hadi 20,000 (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba zaidi). La ng'ombe huanzia hezi 23 na kupanda mpaka 35,000, na linasikia vizuri zaidi kwenye hezi 8,000, sauti nyembamba na kali kuliko zile ambazo sisi tunazisikia vizuri zaidi. Fikiria basi bawaba ya geti isiyotiwa mafuta, mluzi mkali, kifuniko cha bati kinachoburuzwa sakafuni. Kwako ni kero ndogo. Kwake sauti hizo zinaangukia palepale sikio lake lilipo wazi. Na spika ndogo ya redio ikilazimishwa mpaka mwisho hutoa mikwaruzo ya juu, ambayo kijana wako huenda haijali kwa sababu anasikiliza wimbo. Ng'ombe hasikilizi wimbo. Anachopata ni mikwaruzo.

Tena, ng'ombe ni dhaifu sana katika kujua sauti imetokea upande gani. Sisi tunaweza kutofautisha kwa takriban nyuzi 1. Yeye hukosea kwa nyuzi kama 30. Porini au malishoni hilo halimsumbui, atageuza kichwa, atatazama, ataondoka. Ndani ya banda lako, shingo ikiwa kwenye nafasi ya kulia chakula, hawezi kugeuka wala kuondoka. Hili nataka ulizingatie unapofikiria redio, kwa sababu wewe ukichoshwa na wimbo unatoka nje, lakini yeye amefungwa nao. Ndiyo maana kwangu mimi swali la kwanza ni "wanavumilia nini ambacho hawana namna ya kukikimbia?", na swali la muziki gani wanaupenda linakuja nyuma sana.

Na kelele inayowaumiza kuliko zote mara nyingi haitoki kwenye chombo chochote. Mwaka 1999, huko Kanada, Waynert na wenzake waliwasikilizisha mitamba sauti zilizorekodiwa: watu wakipiga kelele, na vyuma vikigongana. Zote mbili zilipandisha mapigo ya moyo na kuwafanya wahangaike, lakini sauti za watu zilizidi vyuma. Miaka michache baadaye Pajor, Rushen na de Passillé waliwapa ng'ombe wa maziwa njia panda: ukienda huku unapigiwa kelele, ukienda kule unaguswa na fimbo ya umeme. Ng'ombe hawakuonyesha kuona tofauti. Kupigiwa kelele na kupigwa shoti vilikuwa vibaya kwa kiwango kimoja. Nimeingia mabanda mengi ambako mwenye mifugo angeona aibu kukutwa na fimbo ya umeme, lakini anafoka kila asubuhi kuanzia anapofungua mlango. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na watu wanapoisoma huwaza kipigo na njaa. Mimi ningependa wawaze na mdomo.

Turudi kwa ng'ombe wako anayepiga mateke. Usikimbilie kuilaumu redio, maana teke lina sababu nyingi, na ya kwanza kuiondoa ni maumivu. Kabla ya kukamua, piga mikamuo michache ya mwanzo kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi au sahani nyeusi, uangalie kama kuna madonge, majimaji au damu. Mwombe mtaalamu wa mifugo wa kata akufanyie kipimo cha maziwa kiitwacho CMT kwenye kila chuchu. Ni cha dakika chache na kinaonyesha ugonjwa wa kiwele ambao bado hauonekani kwa macho. Kagua chuchu kama zina michubuko au nyufa, na kucha za kijana kama ni ndefu. Angalia pia kwato za nyuma, kwa sababu ng'ombe mwenye kidonda mguuni hukanyagakanyaga na kurusha mguu kila anapoelemewa upande mmoja. Ukiona kote huko kuko salama, ndipo umtazame vizuri redio ikiwa inapigwa na ikiwa imezimwa, mkamuaji akiwa yuleyule.

Vitu vya kutazama ni hivi. Ng'ombe aliyetulia husimama na uzito kwenye miguu yote, masikio yamelegea, na mara nyingi anacheua wakati anakamuliwa. Aliye na hofu huacha kucheua, masikio yanazungukazunguka au yanabanwa nyuma, mkia unapigapiga bila inzi, anatoa kinyesi mara kwa mara sehemu ya kukamulia, na weupe wa jicho unaonekana zaidi ya kawaida. Hiyo ya jicho ilichunguzwa huko Norway, na ni alama nzuri kwa sababu haihitaji kifaa chochote, inahitaji tu umjue ng'ombe wako alivyo siku za kawaida.

Sasa muziki wenyewe. Kwa maoni yangu unasaidia kwa njia tatu, na hakuna hata moja inayomtaka ng'ombe awe anapenda nyimbo.

Njia ya kwanza ni kufunika kelele za ghafla. Banda likiwa kimya kabisa, ndoo ikianguka au pikipiki ikipita nje na bomba lililotobolewa, mshtuko ni mkubwa. Kukiwa na sauti ya chini inayoendelea, tofauti kati ya kimya na kishindo inapungua. Hii ndiyo faida ninayoiamini zaidi kwa banda lililo karibu na barabara. Kwa banda lililo shambani, ambako hakuna kinachosikika ila upepo kwenye migomba, faida hii karibu haipo.

Njia ya pili ni ishara, na hapa ushahidi ni mzuri. Mwaka 1997 Uetake, Hurnik na Johnson walifanya kazi na ng'ombe wanaokamuliwa kwa mtambo unaojiendesha, ambapo ng'ombe huenda mwenyewe pasipo kuswagwa. Muziki ulipigwa wakati wa kukamua tu. Baada ya kuuzoea, ng'ombe wengi zaidi walikuwa tayari karibu na mtambo muziki ulipolia kuliko usipolia. Wimbo ulikuwa umekuwa taarifa kwao kwamba saa imefika na kinachofuata wanakijua. Uzuri wa ishara kwa ustawi wa mnyama ni huo wa kujua kinachokuja, maana mnyama anayejua hashtuki. Lakini ishara inakufa ikipigwa kutwa nzima, na inakufa pia ikipigwa leo saa kumi na moja alfajiri na kesho saa moja. Ukitaka redio ifanye kazi hii, iwashwe dakika kadhaa kabla ya kukamua na izimwe kazi ikiisha, kila siku saa ileile, na mwanzoni iende pamoja na pumba au mashudu.

Wafugaji wa kwetu walilijua hili kabla ya maabara. Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, wakati wa kiangazi, huchimba visima virefu kwenye mchanga wa mito iliyokauka, wakasimama ndani kwa ngazi wakipokezana maji hadi juu huku wakiimba. Kila familia ina wimbo wake, na wenyewe husema ng'ombe huja kwenye wimbo wa kwao. Rwanda wana amahamba, nyimbo za wachungaji kwa ng'ombe wao. Mbali zaidi, kwenye jangwa la Gobi, Wamongolia wana desturi ya kumwimbia ngamia jike aliyemkataa mtoto wake. Hufungwa karibu na mtoto, mwimbaji akarudia maneno machache yaleyale kwa sauti ya chini, pamoja na filimbi au fidla ya kienyeji, mpaka mama akubali kunyonyesha. UNESCO iliiingiza desturi hiyo mwaka 2015 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Katika desturi hizi zote kuna mtu aliye hai, mnyama anamjua, na sauti yake hairuki ovyo. Redio haina hayo.

Tofauti hiyo kati ya mtu na kifaa imepimwa. Mwaka 2020, Annika Lange na wenzake wa chuo kikuu cha tiba ya mifugo cha Vienna, Austria, waliwapapasa mitamba 28 huku wakiongea nao kwa upole, na siku nyingine wakawapapasa huku maneno yakitoka kwenye spika. Mitamba walifurahia kupapaswa katika hali zote mbili, lakini vipimo vya moyo vilionyesha utulivu mkubwa zaidi pale mtu alipoongea mwenyewe. Pia huenda ulishasikia habari ya majina: mwaka 2009 Catherine Douglas na Peter Rowlinson wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwahoji wafugaji 516 wa Uingereza, na waliowaita ng'ombe wao kwa majina walikuwa na maziwa zaidi kwa lita 258 kwa mwaka kwa kila ng'ombe. Jina halitengenezi maziwa. Ila anayempa ng'ombe jina kwa kawaida ndiye anayemtazama kila siku, akajua mapema kuwa leo hajala vizuri. Wako watatu wana majina? Kama hawana, wape, na kijana ayatumie anapoingia.

Njia ya tatu ni huyo kijana. Mtu akisikiliza kitu anachokipenda, kwa sauti ya kiasi, kazi inakwenda kwa mwendo sawa, mikono inatulia, hasira zinapungua. Ng'ombe anayapokea hayo kupitia chuchu. Nadhani mengi yanayosemwa kuwa ni muziki kuwatuliza ng'ombe ni muziki kumtuliza mkamuaji. Kwa hiyo usimnyang'anye redio. Mweleze tu kwa nini sauti iwe chini, na umpe uhuru wa kuchagua kati ya nyimbo za taratibu. Kwaya, taarabu, zilipendwa au bongo fleva ya polepole, kwa ng'ombe si hoja. Hoja ni mwendo usio wa kasi, sauti isiyopanda na kushuka ghafla, na besi isiyotikisa bati. Matangazo ya biashara na ya mpira ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mtu anaongea polepole halafu ghafla analipuka. Kama simu ina nyimbo, tumia simu na spika ndogo badala ya kituo cha redio.

Kuhusu yale maziwa ya wiki ya kwanza: inawezekana kabisa yalipanda kweli. Kitu kipya kikiingia bandani, watu wote huwa makini zaidi, wewe mwenyewe ulikuwa unasimama kutazama, kijana alikamua kwa uangalifu, majani hayakuchelewa. Makini ikapungua, maziwa yakarudi. Halafu kuna mazoea ya mnyama. Huko Poland, Stachurska na wenzake waliwapigia muziki farasi wa mashindano wa Kiarabu zizini kwa miezi mitatu. Hali yao ilionekana nzuri zaidi katika miezi miwili ya mwanzo, na kufika mwezi wa tatu faida ikawa inafifia. Ndiyo sababu nyingine ninayopendelea muziki wa saa maalumu kuliko wa kutwa.

Kuku ni habari nyingine. Sikio la kuku linaishia karibu na hezi 7,000, na linasikia vizuri kwenye 2,000 hivi, eneo ambalo kuku wenyewe hulitumia kuitana na kuonyana. Hatari yao kubwa ni kishindo. Kuku wa mayai wakishtuka hukimbilia kona moja, wakalundikana, na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Wanaosalimika huweza kupunguza mayai au kutaga yenye ganda bovu kwa siku kadhaa. Kwenye utafiti wa Campo na wenzake wa Hispania uliochapishwa mwaka 2005, kuku waliosikilizishwa kelele za magari, treni na ndege za desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa moja walikuwa na dalili za damu za msongo na hofu zaidi ya wenzao waliokaa kwenye desibeli 65. Katika sehemu nyingine ya kazi hiyohiyo walijaribu muziki wa kitambo wa Kizungu kwa desibeli 75. Kuku waliousikia walionyesha hofu zaidi kwenye kipimo cha kumlaza kuku chali na kuhesabu muda anaoganda. Wapo watafiti wengine waliopata faida kwa vifaranga. Mimi nachukua hapo jambo moja: umri. Kifaranga aliyekua akisikia redio ya chini na sauti za watu hashtuki ovyo akiwa mkubwa. Kuku mia mbili wanaotaga tayari, waliozoea kimya, usiwaletee spika leo.

Kama wako wameshaizoea, iache mchana kwa sauti ya mtu anayezungumza kawaida, na usiku izimwe pamoja na taa. Kuku wa mayai wanahitaji kama saa 8 za giza na kimya. Halafu pesa uliyotaka kuitumia kwa spika ya pili, ningekuomba ununue miti ya fito za kulalia, maranda makavu ya kuchakura, na kamba za kuning'inizia majani ya kabichi au mchicha juu kidogo ya vichwa vyao. Kudonoana kunapungua zaidi kwa kuku mwenye kazi ya kufanya kuliko kwa kuku mwenye wimbo. Na kabla ya kuingia bandani, gonga mlango taratibu na uongee. Hiyo ndiyo ishara yao.

Majirani zako wengi huko wanafuga nguruwe, kwa hiyo niongeze kwa ufupi. Uholanzi, de Jonge na wenzake waliwafundisha watoto wa nguruwe kuhusisha muziki na nafasi ya kucheza. Baadaye, baada ya kuachishwa ziwa, muziki uleule uliwarudisha kwenye mchezo, na mchezo ni dalili ya hali nzuri. Ni ishara tena, kama kwa wale ng'ombe wa mtambo. Na Umoja wa Ulaya umeweka kwenye sheria zake kwamba banda la nguruwe lisiwe na kelele ya kudumu ya kufikia desibeli 85. Programu ya simu inayopima sauti haiko sahihi kabisa, lakini inatosha kukuonyesha kama uko karibu na 60, ambayo ni mazungumzo ya kawaida, au umeshafika 80. Simu iweke usawa wa kichwa cha ng'ombe unapopima, si mlangoni.

Ukitaka kujua redio inakusaidia au la, pima mwenyewe. Usilinganishe mwezi huu na mwezi uliopita, kwa sababu maziwa hushuka yenyewe kadiri ng'ombe anavyokaa tangu kuzaa, na ungemlaumu mtu asiye na kosa. Piga wiki mbili bila redio, wiki mbili na redio ya chini kwa saa maalumu, kisha rudia mzunguko wote. Chakula kisibadilike, maji yasikatike, mkamuaji awe yuleyule, saa ya kukamua isisogee. Andika lita za kila ng'ombe asubuhi na jioni, na pembeni uandike amepiga teke, ametoa kinyesi, amecheua. Siku ya mvua kubwa, ya chanjo au ya ng'ombe kuwa kwenye joto la kuhitaji dume, itie alama, usiihesabu. Mwisho wa wiki nane linganisha zile nne na zile nne. Kama mateke na kinyesi vimepungua, hiyo ni faida ya kweli hata lita zisipobadilika, na endelea nayo. Kama hakuna kilichobadilika na pengo halifiki lita moja kwa ng'ombe wote watatu kwa pamoja, redio ibaki kwa ajili ya kijana, sauti ikiwa chini, na pesa inayofuata iende kwenye pipa la pili la maji na mafuta ya bawaba za geti.